"Si kiwango ni cha kimataifa?" Dhana potofu kuhusu redio za gigahezi 60

Swali hilo naulizwa na karibu kila mteja aliyeletewa redio za gigahezi 60 (vifaa vya kuunganisha mtandao bila waya) na ndugu yake wa nje. Anataka kuunganisha ofisi na ghala la ng'ambo ya barabara, boksi limeandikwa 802.11ad, jina la kiwango cha Wi-Fi ya gigahezi 60, basi anaamini kazi imekwisha: kiwango ni kimoja dunia nzima, kwa hiyo kifaa ni halali popote.

Sivyo hata kidogo. Kiwango ni makubaliano ya jinsi vifaa vinavyozungumza. Hakimgawii mtu masafa ya mawimbi. 802.11ad ilichapishwa mwaka 2012 na IEEE, jumuiya ya wahandisi. Muungano wa WiGig, uliokuza teknolojia hii ya gigahezi 60 na kuanzishwa 2009, uliingia ndani ya Wi-Fi Alliance mwaka 2013, na kazi ya Wi-Fi Alliance ni kupima vifaa na kuvipa cheti. ITU ya Umoja wa Mataifa inasimamia kanuni za redio baina ya nchi. Katika hao wote hakuna anayekuruhusu kurusha mawimbi Dar es Salaam wala Nairobi. Anayeruhusu ni mamlaka ya nchi, TCRA huku kwetu Tanzania na CA kule Kenya, na ndiyo inayoidhinisha aina ya kifaa.

Angalia chaneli zenyewe, yaani vipande vya masafa, uone nchi zinavyotofautiana. Kila moja ina upana wa gigahezi 2.16. Ya 1 inaanzia 57.24, ya 2 inaanzia 59.40, ya 3 inaanzia 61.56, na ya 4 inaishia 65.88. Marekani iliruhusu 57 hadi 64, kwa hiyo chaneli ya 4 ilikuwa nje mpaka 2016 walipopanua hadi 71. China ilitenga 59 hadi 64: hapo zinaingia ya 2 na ya 3 tu. Fungua mipangilio ya redio, badilisha nchi, utaona orodha ya chaneli ikipungua au kuongezeka. Nyingine zimefungwa kiwandani, hubadilishi kitu. Ndiyo maana nasema kila siku: kabla hujatoa hela, muulize muuzaji redio imefungiwa nchi gani na ina kibali cha hapa. Akisitasita, usinunue.

Na ushirikiano wa kweli wa kimataifa kwenye viwango upo, nauheshimu sana. Mahitaji ya China, yenye masafa finyu, yalipelekwa IEEE yakazaa 802.11aj mwaka 2018, yenye chaneli nyembamba zaidi na nafasi kwenye gigahezi 45.

Wengine wanadhani kila kifaa cha gigahezi 60 kinaelewana na mwenzake. Viwango vingine, WirelessHD, ECMA-387 na 802.15.3c, vyote vilikaa kwenye masafa hayo hayo bila kuelewana. Nunua jozi ya mtengenezaji mmoja.

"Oksijeni inameza mawimbi yote." Inapunguza takriban desibeli 15 kwa kilomita, kwa mita 100 ni desibeli 1.5. Ghala lako liko ng'ambo ya barabara! Ogopa mvua kubwa, matawi ya mwembe na antena iliyolengwa ovyo.

Kuhusu kifaa kimoja kuhudumia nyumba nzima: ukuta wa tofali unatosha kuyazuia mawimbi haya. Weka kimoja kwa kila chumba chenye kazi nzito, vyumba vingine viachie Wi-Fi ya gigahezi 5.