Kabla Hujapiga Windows Tena, Pima Ramu

Kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha tena, si kipimo. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu hapa Dodoma, kuanzia vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hadi watumishi wa mitaa ya Kisasa na Ilazo, kila anayeniletea kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe nyumbani huanza na maneno yale yale: "Fundi, nimeshapiga Windows upya, bado inaleta skrini ya bluu." Skrini hiyo ndiyo Windows huonyesha ikisimama ghafla kwa kosa. Maneno hayo huyasema kama mtu aliyekwisha kunimalizia nusu ya kazi. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Tazama njia ambayo Windows inapita. Faili za usakinishaji zimebanwa ndani ya flashi. Zinaingia kwenye ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, prosesa inazifungua, zinapita tena kwenye ramu, ndipo zinaandikwa kwenye diski. Ramu ikigeuza 0 kuwa 1 njiani, faili inaandikwa na kosa lake, na mara nyingi hakuna kitakacholalamika. Ukichota maji ya kisima kingine kwa ndoo ile ile yenye tope, utakunywa tope. Baadaye unabadilisha ramu, makosa yanaendelea, unaapa kwamba ramu haikuwa na shida. Ilikuwa nayo. Iliyobaki ni Windows iliyopita kwenye ile mbovu.

Wakati mwingine ishara huja mapema. Usakinishaji unakwama na namba 0x80070570, maana yake faili imeharibika au haisomeki. Watu hulaumu flashi, na kweli inaweza kuwa flashi. Lakini ukibadilisha flashi na bado inakwama, tena kila mara kwa asilimia tofauti, acha flashi. Vivyo hivyo faili za zipu zinazokataa kufunguka leo na kukubali kesho bila wewe kugusa kitu.

Naelewa imani hii imetoka wapi. Kwenye mashine za mtumba za ofisini, kupiga Windows upya kuliponya kweli, kwa sababu mashine ile ilikuwa imeshafanya kazi miaka na vifaa vyake vilishazoeana. Ikianza kugoma, virusi au draiva zilikuwa washukiwa wa haki. Kompyuta uliyoiunganisha juzi haina historia hiyo. Kila kifaa kilipimwa kiwandani kivyake. Mezani kwako ndipo vinakutana kwa mara ya kwanza.

Kompyuta isiyoleta picha kabisa nitaipitia haraka. Hakikisha waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 karibu na soketi, umechomekwa. Watu huchomeka ule mkubwa wa 24 wakaridhika kwa sababu feni zinazunguka. Kebo ya monita iingie kwenye kadi ya grafiki, si kwenye mazabodi, ile bodi kuu. Prosesa za Intel zenye F mwishoni mwa jina hazina grafiki zake, kwa hiyo kebo ikiwa kwenye mazabodi hutapata picha. Ramu ikiwa vijiti viwili, kwenye mazabodi nyingi zenye sloti nne vinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Tazama taa ndogo za CPU, DRAM, VGA na BOOT: inayobaki inawaka ndiyo pa kuanzia. Na kama ramu ni ya aina ya DDR5, kompyuta ikiwaka mara ya kwanza inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikijipimia ramu. Usiizime.

Sasa hili ndilo linalonikera kuliko yote. Ramu imeandikwa spidi ya 6000 kwenye boksi. Mwenye nayo anaingia BIOS, programu ya mipangilio iliyo ndani ya mazabodi, anawasha XMP au EXPO, mpangilio wa kuiendesha ramu kwa spidi ya boksi, skrini za bluu zinaanza, kisha ananiambia haiwezi kuwa ramu kwa sababu anaiendesha kwa spidi yake. Hapana. Hiyo 6000 ni ahadi ya mtengenezaji wa ramu peke yake. AMD, watengenezaji wa prosesa, kwa Ryzen 7000 wanatambua rasmi 5200 ukiweka vijiti viwili, na ukijaza sloti zote nne inashuka hadi 3600. Inayozidi hapo unailazimisha prosesa, maana kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa. Kwa hiyo ramu inaweza kuwa nzima, mazabodi nzima, prosesa nzima, na zote tatu zikiwekwa pamoja kwa 6000 zikakosea. Hakuna kibovu cha kurudisha dukani. Zima XMP kwanza. Makosa yakiisha, umepata jibu bila kununua chochote. Ndiyo maana pia nakataza kuchanganya ramu zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti, hata kama jina na spidi vinafanana: chipu za ndani zinaweza kuwa tofauti.

Jambo la pili ni kusoma jina la kosa kana kwamba ni hukumu. Kwenye orodha ya matukio ambayo Windows hujiandikia kuna Kernel-Power 41, na mtu akiliona neno power anakimbilia kununua pawasapulai. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Umeme wa mtaa ukikatika, litaandikwa. Ikiganda ukaizima kwa kubonyeza kitufe, litaandikwa. Mimi hutazama zaidi mwenendo. Kosa la skrini ya bluu likirudi na jina lile lile na draiva ile ile, naanza na draiva. Likibadilika kila siku, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, naanza na ramu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR maana yake kifaa chenyewe kimeripoti kosa, na hapo huanza na prosesa na volti zake.

Mwaka 2024 ulitufundisha hili vizuri. Wenye prosesa za mezani za Intel Core kizazi cha 13 na 14 walikuwa wanapata ujumbe ndani ya magemu kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha. Kadi zikalaumiwa. Mgonjwa alikuwa prosesa: ilikuwa inapewa volti za juu mno na kuchakaa nazo. Intel walitoa maikrokodi, maelekezo ya ndani ya prosesa, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba kupitia masasisho ya BIOS, wakaongeza udhamini kwa miaka miwili. Iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa sasisho. Ukisasisha BIOS, zima XMP kwanza na tumia UPS. Umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza mazabodi.

Kupima ni hivi. Andika MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi ukitumia kompyuta nyingine, XMP ikiwa imezimwa, uiache imalize mizunguko yote minne. Ni kazi ya saa nyingi, iache usiku. Kosa moja tu linatosha, hakuna "ni dogo". Likitokea, acha kijiti kimoja kwenye sloti moja, upime. Kisha kijiti cha pili kwenye sloti ile ile. Kosa likimfuata kijiti, kijiti ni kibovu. Likibaki kwenye sloti, fungua utazame pini za soketi ya prosesa, na angalia kama kipozeo hakikukazwa upande mmoja kupita mwingine.

MemTest86 isipokuta kosa, sisemi ramu ni nzima, nasema haijanaswa. Zipo zinazopita usiku mzima kisha zinaanguka ndani ya gemu, kasha likishapashwa joto na kadi ya grafiki. Zipo pia zinazopona nikichomoa ramu na kuirudisha tu. Ni vumbi la kiangazi chetu? Ni kijiti ambacho hakikukaa, au mtikisiko wa basi kutoka Kariakoo? Vitabu hutoa chanzo kimoja kwa kila dalili. Mimi mashine kama hizo huzikabidhi zikiwa zinafanya kazi, na mwenye mashine namwambia siwezi kuapa kilikuwa nini.

Ramu ikishapita, ndipo piga Windows, na flashi yake itengeneze upya kwenye kompyuta nyingine isiyokosea, maana ile uliyoiandaa kwenye mashine inayokosea huenda imebeba kosa lile lile. Halafu rudi kwenye picha na tasnifu ulizonakili siku zile za skrini ya bluu. Zifungue moja moja, na kama nakala za awali bado zipo kwenye simu au diski ya nje, usizifute kwanza.