Kununua bunduki ya zamani ya kijeshi: uliza kwanza inakula risasi gani

Hapa Tabora kila bunduki yenye kutu ni "ya Mjerumani". Mtu ananirushia picha, anakwambia kaka hii babu alimnyang'anya askari kule Itaga mwaka 1916, mimi nikiivuta picha naona Lee-Enfield ya Mwingereza, tena mwaka umegongwa palepale kwenye chuma cha shingo ya kitako, elfu moja mia tisa arobaini na kitu. Babu wa watu kasingiziwa bure.

Sisemi historia haipo. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji wa jenerali Tombeur waliingia mjini hapa tarehe 19 Septemba 1916 kumtoa Mjerumani, baada ya kupigana Lulanguru na Itaga, na Kigoma walishaichukua tangu Julai. Lakini historia ya mji ni ya mji, bunduki ina yake, na yake imeandikwa kwenye chuma, sio mdomoni kwa muuzaji. Mimi kazi yangu ni kukagua na kutengeneza silaha zenye leseni na shabaha napiga mwenyewe, kwaiyo mtu akinipigia anataka ya kuweka kwenye mkusanyiko na kuipiga pia, swali langu la kwanza huwa ni inakula risasi gani na hizo risasi unazitoa wapi.

Kabla ya hapo makaratasi lakini, na hili nalipitia haraka maana halina mjadala. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, maombi yanaanzia serikali yako ya mtaa au kijiji yanapanda juu mpaka polisi, na usimpe mtu hata advansi kabla hujaambiwa na ofisi ya silaha kwamba bunduki hiyo hiyo, namba hiyo hiyo, utaruhusiwa kuimiliki. Iliyofukuliwa shambani iache ilipo ukaripoti polisi, usinibebee mimi. Na zile za kumimina risasi zinazonong'onezwa Kigoma kwamba zimevuka ziwa, hizo sio antiki, hizo ni kesi. Humu tunaongelea za bolti tu, za kukoki kwa mkono risasi moja moja.

Haya, risasi. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, walivyoanza vita 1914 wengi walikuwa bado na Mauser ya 1871, milimita 11, baruti nyeusi, unatia moja unapiga moja, na ukipiga linafuka wingu la moshi ambalo adui analiona toka mbali anajua ulipo. Ni chombo kizuri sana cha kuangalia ila kukilisha leo ni mateso, labda uwe unajaza maganda mwenyewe, na hilo nalo lina vibali vyake. Mauser mpya zaidi, Model 98, ndio habari nyingine. Shehena kubwa ya hizo ilikuja Aprili 1915 na meli ya Rubens iliyojifanya ya Denmark, Waingereza wakaishambulia pale ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikazama nusu, Wajerumani wakazamia mzigo wakautoa, risasi zilizolowa maji ya chumvi zikabidi zifunguliwe zikaushwe upya. Hiyo 98 inakula 7.92 kwa 57, yaani milimita 7.92 na ganda la urefu wa milimita 57, na risasi hiyo inatengenezwa mpaka leo, ndio maana naipendekeza. .303 ya Lee-Enfield nayo bado inatengenezwa. Ya Mbelgiji ya 1889, 7.65, bunduki yenyewe nzuri ila utatafuta chakula chake mpaka uchoke.

Sasa hapo kwenye 7.92 kuna mtego na huu naomba usome mara mbili. Kichwa cha risasi ya zamani, ya bunduki ya 1888, kina upana wa kama milimita 8.1, kile kipya kilichoingia 1905 kina 8.2. Ganda ni lile lile kwa macho, linaingia vizuri tu, ukilazimisha kichwa kinene kwenye kasiba nyembamba, yaani tundu la ndani ya mtutu, presha inapanda na uso wako ndio upo nyuma ya bolti. Model 88 zilizobadilishwa zilipigwa herufi S juu ya chemba, pale risasi inapokaa, lakini usiiamini herufi peke yake, kasiba ipimwe kwa vipimo. Muuzaji akikwambia "we piga tu haina shida", mwachie bunduki yake.

Kukagua: hakikisha haina kitu ndani, toa bolti, elekeza kwenye mwanga. Kasiba kuwa nyeusi sio mwisho wa dunia, nimeona kasiba zenye giza zinapiga shabaha safi kwa sababu mifereji yake, ile ya ndani inayoizungusha risasi, bado ina makali, na nimeona zinazong'aa kama kioo ambazo mifereji imelika hakuna kitu. Angalia zaidi ule mdomo wa mbele, miaka ya kuvuta kamba na fimbo za kusafishia inautafuna na hapo ndipo usahihi unapopotelea. Mauser ina mifereji minne inazunguka kulia, Lee-Enfield mitano inazunguka kushoto, ila zipo Lee-Enfield za aina ya No. 4 za wakati wa Vita ya Pili ya Dunia zilizotoka kiwandani na mifereji miwili tu, usije ukaikataa ukidhani imechakaa.

Alafu namba. Bolti na mwili viwe na namba moja, na sio kwa ajili ya bei tu, bolti iliyohamishwa toka bunduki nyingine inaweza kuacha nafasi kubwa kati ya uso wake na kitako cha risasi, ganda likapasuka humohumo ndani. Fundi ana geji za kupimia hilo, lipia hela ya fundi. Na ukikuta herufi DP kwenye Lee-Enfield, maana yake ilikuwa ya kufundishia gwaride, sio ya kufyatua. Hiyo tundika ukutani, basi.

Mbao nazo. Huku kwetu maseremala wanachonga kitako cha mninga kizuri mpaka raha, na kwa mpigaji sina neno kama kimekaa sawa, lakini kwa mkusanyaji umeshashusha thamani. Hivyo hivyo aliyepiga msasa chuma ikang'aa, kafuta mihuri ya kiwanda, yaani kafuta kile ulichokuja kununua. 98 nyingi zilikatwa zikawa za kuwindia, na mimi sizidharau, kwa anayetaka kupiga tu ni bei nafuu na mtambo ni ule ule, ila asikuuzie kwa bei ya iliyokamilika.

Ukishainunua na ukapata risasi za akiba za jeshi za zamani, jua fataki zake nyingi, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zinaacha chumvi ndani ya kasiba, na mafuta hayayeyushi chumvi. Siku hiyo hiyo uliyopiga, hata umechoka, pitisha maji ya moto, kausha kabisa, ndio upake mafuta, na kesho yake rudia kuangalia. Masika ukilala nayo bila kuosha, asubuhi kutu imeshaanza.