Mtambo wa makaa ya mawe unapogeuka mlinzi wa zamu

Kwenye kikao kimoja cha elimu kwa umma hapa Kigoma, fundi wa kuchomelea kutoka Mwanga alisimama akauliza: "Mhandisi, gridi si imeshafika? Yale majenereta ya dizeli yaliyotupigia kelele miaka yote, mbona yasiuzwe chuma chakavu?" Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo swali wanalojiuliza Wajerumani kuhusu mitambo yao ya makaa ya mawe, na wao hisabati yao ni ya mabilioni.

Tuanze na jina lenyewe. Nikitaja makaa ya mawe, wengi huku wanaona gunia la mkaa juu ya baiskeli. Mkaa ni mti uliokatwa juzi. Makaa ya mawe ni mimea iliyofukiwa ardhini zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Yanachimbwa Ngaka kule Mbinga, yapo Kiwira, na mengi bado yamelala Mchuchuma wilayani Ludewa. Mtamboni husagwa yakawa unga, yakapulizwa ndani ya tanuri kuchemsha maji. Mvuke unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, mara 3,000 kwa dakika. Wazee wa ziwani hawahitaji kufundishwa habari za mvuke: meli ya Liemba ilitembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli.

Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi ya mtambo huo ilikuwa moja tu, kubeba mzigo usiku na mchana bila kupumzika. Mtambo wa megawati 300 ukiwa umekolea hula karibu tani 3,000 za makaa kwa siku, yaani malori 100 ya tani 30. Na ulipenda kazi hiyo. Usichopenda ni kuwashwa na kuzimwa.

Sasa ndicho unachoombwa. Nchi zilizoweka paneli nyingi za jua zina umeme wa kumwaga saa sita mchana, halafu jua linazama saa ileile watu wanarudi nyumbani na kuwasha taa, runinga na pasi. Mtambo wa makaa unaambiwa ulale mchana, uamke magharibi. Lakini boila lake, yaani chombo cha kuchemshia maji, ni chuma kinene. Likiwa la baridi linaweza kuchukua nusu siku au zaidi kufikia nguvu kamili, na ukiliharakisha chuma kinapasuka. Kwa hiyo mara nyingi haulazwi kabisa. Unaachwa ukiunguza kidogokidogo, labda asilimia 40 ya uwezo wake, kwa ulaji mbaya wa makaa, ukisubiri jioni.

Kuna kazi nyingine usiyoiona kwenye bili. Waliokulia karibu na mashine ya kusaga ya zamani wanalijua lile gurudumu zito ubavuni mwa injini. Ukimwaga debe zima la mahindi kwa pupa, injini haizimi papo hapo. Gurudumu linaibeba mpaka ijipange. Turbini ya makaa ni gurudumu la namna hiyo, la tani nyingi. Laini kubwa ikikatika ghafla, ndilo linaloshikilia hezi 50 za gridi, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde, katika sekunde za mwanzo. Paneli za jua hazina gurudumu. Mitambo ya maji na ya gesi inalo, na hilo tulikumbuke.

Majirani zetu wa kusini mwa ziwa wameyaona haya kwa macho. Zambia inategemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Ukame wa 2024 ulipoliteremsha bwawa la Kariba, watu walikaa gizani saa nyingi kila siku, na mtambo wa makaa wa Maamba, megawati 300, ukawa tegemeo. Ujerumani nayo ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuachana na makaa ifikapo 2038, lakini gesi ya Urusi ilipokatika mwaka 2022 ikairudisha kazini mitambo iliyokuwa imewekwa akiba. Mwaka huohuo wanunuzi wa Ulaya walikuja kutafuta makaa yetu, yakapakiwa bandarini Mtwara. Nasema hivyo bila kumcheka mtu. Mwenye njaa hachagui duka. Uingereza, kwa upande wake, ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024.

Ubaya wake haufichiki. Kila uniti moja ya umeme wa makaa hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa, ya gesi karibu nusu yake. Ongeza majivu na vumbi kwa wanaoishi jirani.

Je, sisi tujenge mtambo mkubwa wa makaa uwe mlinzi? Kwa maoni yangu, hapana. Tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo milango yake ya maji hufunguka kwa dakika chache. Ila mitambo ya maji ya Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere yote inakunywa mtungi mmoja, bonde la Rufiji. Mvua ikigoma huko, inagoma kwa wote. Ndiyo maana nauthamini mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi pale Igamba kuliko megawati zake 49.5 zinavyoonyesha: mto ule unatiririka kuja Tanganyika, na mvua zake ni nyingine.

Yule fundi nilimjibu kwamba mimi nisingeyauza yote. Ningebakiza machache, yale yanayowaka kwa betri hata gridi ikiwa giza totoro, yaelekezwe kwanza hospitali na kwenye pampu za maji. Dizeli, tofauti na makaa, huamka kwa dakika chache. Yawashwe kila mwezi yakiwa na mzigo, na mafuta yaliyokaa sana yabadilishwe.

"Na hayo mafuta analipa nani?" akauliza.

"Yamo kwenye uniti unazonunua."

Akaguna, akakaa.