Kuchangisha siyo kuchangia

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa mjini Lindi alipita Mtanda, kwenye ofisi ya umoja wetu unaosaidia wazee na watoto, na barua yetu mkononi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akauliza, "Mzee wangu, mmeandika kwamba umoja wenu unakusudia kunichangia shilingi laki tano. Kwani mimi nimefiwa na nani?"

Tukacheka, naye akatoa laki moja, akaenda zake. Ila barua ile ilipita mikononi mwa watu wanne kabla ya kugongwa muhuri, na mmoja wao nilikuwa mimi. Hakuna aliyeshtuka. Siku hizi kila mahali utasikia "tunachangia fedha kutoka kwa wadau", mpaka sikio limezoea.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kuchangisha ni kuwafanya wengine watoe. Na huo "uwezo wa kuchangisha" ambao kila taasisi inahimizwa ijijengee ni watu, utaratibu na kumbukumbu zinazoiwezesha kuomba, kupokea, kushukuru na kumrudia mtu yuleyule mwakani, hata kama katibu wa mwaka huu keshahama. Basi.

Sasa tuje kwenye neno. Shina ni changa, yaani kuweka pamoja. Karata huchangwa. Humo ndimo tulimopata changanya, na ukiigeuza, changanua. (Mtoto mchanga aachwe alale, ile ni sifa, siyo kitenzi hiki.) Anayechanga analeta chake kikakae na vya wenzake. Halafu angalia mnyambuliko unavyogawa kazi. Wanachama wanachanga. Mtu anachangia ujenzi wa choo cha kituo. Mfiwa au bwana harusi anachangiwa. Ndugu wanachangishana. Na yule anayezunguka na daftari, anapiga simu, anaandika barua na kungoja barazani, huyo ndiye anayechangisha. Ile -isha imebeba jasho lote. Ukiiangusha ukaweka -ia, umejihesabu kati ya waliotoa, na kazi ya kuzunguka umeifuta kwenye sentensi. Ndivyo inavyokwenda kufutika hata kwenye mpango wa mwaka: fedha "zitachangiwa", na hakuna jina la mtu atakayetoka kwenda kuzitafuta.

Jirani ya neno hili kuna mfadhili, nalo wanalichanganya na mchangiaji kana kwamba ni mtu mmoja. Fadhila imetoka kwenye Kiarabu, na ni kitu kinachoshuka: aliyenacho anampa asiyenacho, na aliyepewa anabaki na deni la moyoni. Wahenga walishaona ugumu wake, ndiyo maana wakasema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu atakuudhi. Mchango haushuki, unatoka ubavuni, kwa mtu aliye sawa nawe. Mama wa Kitunda anayevuka na pantoni kutuletea nazi tano za wazee wetu hatufadhili. Anachanga. Naye pia atazeeka.

Nimeutaja huo mfano makusudi, kwa sababu umoja wetu ni wa zamani kuliko wajumbe wake wengi, na kwa miaka mingi tuliishi kwa mfadhili mmoja wa ng'ambo. Hela ilifika, wazee wakala, watoto wakanunuliwa sare. Alipoacha kutoa, tukafungua makabati kutafuta nani mwingine amewahi kutusaidia. Tulikuta madaftari ya mfadhili, mazuri, yamepigiwa mistari kwa rula. Kuhusu mama wa nazi hatukukuta hata mstari mmoja. Namba ya mwenye duka aliyekuwa akitupa unga kila Ramadhani tuliiona nyuma ya kalenda ya ukutani, tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa. Watu walikuwa wakichanga miaka yote, ila sisi hatukuwahi kuchangisha. Tulikuwa tunapokea tu.

Tukaitwa semina. Siku mbili, ukumbini, chai na maandazi, posho mwishoni. Taarifa ikaandikwa: "Wajumbe sita wamejengewa uwezo." Hapa napo sarufi inasema kitu. Kujengewa ni kutendewa. Mtu anajengewa nyumba akiwa amekaa pembeni. Wawili kati ya wale sita wapo Masasi sasa hivi, na uwezo wao wamehama nao. Siilaumu semina, nilijifunza mambo. Lakini uwezo unaoweza kupanda basi la asubuhi ukaondoka haukuwa wa taasisi. Wa taasisi ni ule unaobaki kabatini: kitabu cha stakabadhi chenye nakala, daftari lenye jina, tarehe, alichotoa, kiliombwa kwa ajili ya nini, na nani alirudi kumwambia kilifanya kazi gani. Safu hiyo ya mwisho kwetu ilikuwa tupu kurasa tatu mfululizo. Mwenye kituo cha mafuta aliyetununulia magodoro hakuwahi kuambiwa kama magodoro yalifika.

Na huku kwetu uwezo huo una msimu. Ufuta unauzwa mnadani katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Barua yetu nyingine tuliipeleka vijijini mwezi wa pili, wakati ghala la nyumbani limebaki vumbi. Kumbana mkulima atoe ahadi wakati huo kunafanana na kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho kwa bei ya kutupa: unamshika na njaa yake ili msimu ukifika awe na deni. Wala nisisikie mtu akipendekeza tukaombe chama cha msingi cha ushirika, kinachomuuzia mazao, kimkate mkulima juu kwa juu kabla hajapokea hela yake. Mkulima wa korosho anaujua mjengeko wa bei, yaani orodha ya makato kwenye bei ya zao lake, kuliko sisi, na ameshazoea kuona makato. Makato hayajawahi kuwa mchango, hata yakiandikwa hivyo, maana anayekatwa hajaleta kitu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inaruhusu mashirika yaliyosajiliwa kuchangisha fedha kwa njia halali. Kuomba hatukatazwi, tunachotakiwa ni kuomba uso kwa uso.

Katibu wetu ni binti mwenye bidii, na barua ile ya laki tano hakuiandika peke yake, tuliisoma wote. Kwa hiyo mwanangu, usichukie. Kwenye muhtasari wa juzi, ajenda ya nne, palipoandikwa "wajumbe kuchangia fedha kutoka kwa wadau", weka "kuchangisha". Mbele yake andika majina mawili ya watakaotoka, na mwezi, usiwe wa pili. Kwenye taarifa ya robo, ile "wamejengewa uwezo" iandike "wamehudhuria semina", inatosha, na ni kweli. Yule bwana naye mwandikie upya, barua fupi: tumepokea laki moja, imenunua hiki na hiki. Laki nne usizitaje bado.