Sukari iko sawa, mbona hedhi inaruka?

Swali: Nina miaka 27, naishi Mbagala. Hedhi yangu huja baada ya miezi miwili, mitatu. Nywele zinaniota kidevuni, na shingo imekuwa nyeusi hata nikiisugua kwa dodoki. Nilipima sukari, nikaambiwa iko sawa. Shida ni nini?

Jibu: Kwanza acha kuisugua shingo, huo si uchafu. Ngozi ikiwa nyeusi na nene hivyo shingoni au kwapani, mara nyingi insulini imezidi mwilini. Insulini hutoka kwenye kongosho, na huiwezesha misuli kuchukua sukari iliyo kwenye damu. Misuli ikiwa sugu kwa insulini, kongosho humwaga insulini zaidi ili sukari isipande. Kwa hiyo kipimo cha sukari kinaweza kusoma vizuri kwa miaka huku usugu upo.

Swali: Na hedhi inahusikaje?

Jibu: Ovari, yaani vifuko vya mayai, huendelea kuisikia insulini hata misuli ikigoma. Ikiwa nyingi, huzichochea zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Ini nalo hupunguza ile protini inayozishika homoni hizo kwenye damu, zikabaki huru. Matokeo yake ni ndevu, chunusi, na yai lisilokomaa. Huenda una PCOS, yaani hitilafu ya homoni inayovuruga kazi ya ovari, ambayo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huwapata wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa. Wembamba pia huipata.

Swali: Ninunue dawa ya kusafisha kizazi? Naziona kila siku WhatsApp.

Jibu: Hela hiyo kapimie. Daktari ataanza na ujauzito, kisha homoni za tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) na testosteroni (homoni ya kiume), pengine na altrasaundi. Hedhi ikikosekana zaidi ya miezi mitatu usikae nayo, kwani ukuta wa kizazi huendelea kunenepa.

Swali: Niache wali?

Jibu: Hapana, punguza tu sahani na uongeze maharage na mchicha. Soda na chai ya vijiko vinne ndivyo vya kuacha. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya kwako utembee, maana msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa kidogo. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 hadi 8, hedhi huweza kurudi. Metformini, dawa ya kisukari, ni ya kuandikiwa na daktari, usiazime ya shangazi. Na kama hutaki mtoto sasa, tumia kinga: yai laweza kukomaa mwezi usioutarajia.