Mwendo nje ya msawazo katika mifumo ya kwanta isiyo ya kihermiti

Katika fizikia ya kwanta, hali ya mfumo huongozwa na Hamiltoni, yaani opereta inayoeleza nishati na namna hali hiyo inavyobadilika kadiri wakati unavyopita. Kwa kawaida Hamiltoni hutakiwa iwe ya kihermiti, neno litokanalo na jina la mwanahisabati Mfaransa Charles Hermite, ili nishati zote ziwe namba halisi na jumla ya uwezekano wa kuipata chembe ibaki 1 daima. Mfumo unaovujisha chembe, au unaoongezewa nguvu kutoka nje, hautimizi sharti hilo ukiandikwa peke yake bila mazingira yake, na ndiyo maana huitwa usio wa kihermiti. Nishati zake zinaweza kuwa namba changamano, yaani namba zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika (kizidisho cha kipeuo cha pili cha -1), na sehemu hiyo ya kufikirika ndiyo kasi ya wimbi kukua au kufifia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule waliouchapisha wanafizikia Naomichi Hatano na David Nelson mwaka 1996, wa safu ya vituo kwenye mstari mmoja, ambamo chembe huruka kulia kwa nguvu isiyolingana na ya kuruka kushoto. Tuseme nguvu ya kulia ni 2, na ya kushoto ni 0.5. Ncha za safu zikiachwa wazi, nishati zote ni namba halisi kati ya -2 na 2. Ncha hizo zikiunganishwa, kwa kiungo kimoja tu, safu ikawa duara, nishati huhamia kwenye duaradufu katika uwanda wa namba changamano. Tena, katika safu iliyo wazi kila hali ya nishati hurundikana kulia: kimo cha jumla cha wimbi huongezeka maradufu kutoka kituo hadi kituo, hata katika safu ya vituo 10 kile cha mwisho hukizidi cha kwanza mara 512. Hiyo ndiyo athari ya ngozi, ambayo mwaka 2020 ilionekana katika saketi za umeme na katika majaribio ya fotoni.

Mwendo nje ya msawazo ni kinachotokea chembe inapowekwa, kwa mfano, katikati ya safu ndefu iliyo wazi na kuachwa iende. Kwa kuwa nishati zote ni halisi, mtu angetazamia wimbi lisikue. Kumbe hukua, na kwangu hapa ndipo kwenye kiini cha dhana hii: athari ya ncha haijalifikia wimbi bado, kwa hiyo wimbi huenda kana kwamba limo katika duara, likisafiri kulia kwa kasi ya takriban vituo 2.5 kwa kila kizio cha wakati huku likikua, na ukuaji hukoma linapogonga ncha. Hili linawezekana kwa sababu hali za nishati za mfumo kama huu hazisimami wima zenyewe kwa zenyewe, yaani hazitengani kabisa bali huingiliana, hivyo orodha ya nishati pekee haitoshi kubashiri mwendo wa muda mfupi. Ni lazima maumbo ya hali zenyewe nayo yajulikane.