Je, wajua kwa nini mapango ya Ajanta yalianza kuchongwa darini?

Fundi wa nyumba huanza na msingi, hupandisha kuta, kisha humalizia na paa. Mafundi wa Ajanta, nchini India, walianza na dari. Sakafu ndiyo waliyoifikia mwisho.

Ajanta iko katika jimbo la Maharashtra, kwenye genge refu la jiwe lililopinda mfano wa kiatu cha farasi juu ya mto Waghora. Lina mapango yapatayo 30, na yote yamechimbwa kwa mikono ya watu kwa ajili ya wafuasi wa Budha. Machache ni ya karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo. Mengi ni ya karne ya 5 baada ya Kristo, zama za mfalme Harishena wa ukoo wa Vakataka.

Kwa nini mlimani? Watawa wa Budha walikuwa watu wa njiani, wakitembea kijiji hadi kijiji wakifundisha na kupokea chakula. Lakini pepo zile tunazoziita kusi, zilizokuwa zikivusha majahazi kutoka mwambao wetu hadi Bara Hindi, huko hufika na mvua kubwa kati ya Juni na Septemba. Kanuni za utawa ziliwataka watulie mahali pamoja miezi mitatu ya mvua. Ndiyo maana mapango mengi ya Ajanta ni mabweni: ukumbi katikati, na pembeni vyumba vidogo vya kulala. Machache ni kumbi za ibada.

Sasa turudi darini. Jiwe la huko ni basalti, jiwe gumu lililotokana na volkano. Fundi akianzia juu, mlima wenyewe unakuwa jukwaa lake: anasimama juu ya jiwe ambalo bado hajalichimba, analainisha dari iliyo karibu na uso wake, kisha anashuka nalo kidogo kidogo. Hahitaji kufunga miti ya kupandia, na kifusi hakidondokei kazi iliyokwisha kunakshiwa, kwa kuwa chini yake bado ni jiwe tupu. Katika mapango ambayo hayakumalizika unaona hatua zenyewe. Walikata mifereji mirefu inayokwenda sambamba kuingia ndani ya mwamba, kisha wakavunja kingo zilizobaki katikati. Palipokusudiwa nguzo paliachwa pande nene la jiwe, lichongwe baadaye.

Hili la nguzo ndilo linalonishangaza kuliko yote. Katika Ajanta nguzo hailetwi ikasimamishwa, bali ni jiwe lililoachwa. Sanamu nayo ni hivyo hivyo. Pua ya Budha ikikatika huwezi kuikandika tena kama udongo, kwa hiyo kabla ya pigo la kwanza la nyundo mtu alipaswa kuwa ameshajua mguu uko wapi, goti liko wapi, na nguzo ya tano itaangukia wapi.

Katika mapango ya kale, kama la 9 na la 10, hutaona Budha mwenye umbo la mtu katika michongo ya mwanzo. Waumini walizunguka stupa, mnara wa mviringo ulio kama kichuguu, unaomkumbusha Budha bila kuonyesha sura yake. Sura zilikuja karne ya 5, na kwa wingi.

Ukiingia pango la 26, ukutani upande wa kushoto, amelala Budha wa urefu wa mita 7 hivi, katika saa yake ya mwisho. Amelalia ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, macho yamefumba. Chini yake wanafunzi wamejiinamia kwa majonzi, na juu viumbe wa mbinguni wanashangilia. Mtazame kichwani: mto wa kulalia umebonyea kwa uzito wa kichwa. Ni basalti ile ile iliyovunja patasi za watu, lakini imebonyea kama pamba.

Pango hilo lina maandishi ya mtawa aliyeligharamia, Buddhabhadra. Anaeleza kwamba mtu huendelea kufurahi peponi maadamu anakumbukwa duniani, hivyo inafaa kuweka ukumbusho milimani, udumu kadiri ya mwezi na jua.

Harishena alipofariki, wafadhili walitawanyika na kazi ikasimama. Msitu ukafunika genge, hadi mwaka 1819 ofisa wa Kiingereza aliyeitwa John Smith, akiwa katika msako wa chui milia, alipoona tao la pango la 10 ng'ambo ya bonde. Pango la 24, ambalo lingekuwa miongoni mwa makubwa kuliko yote, lingali vile lilivyoachwa: nguzo nyingine zimekwisha nakshiwa, nyingine ni pande la jiwe lenye alama za patasi.